Kutoka Baraka mpaka Fizi: namna tulivyoiweka njia yetu ndani ya simu



Juma hili tunawaletea habari za safari, na safari yenyewe si ndefu. Kutoka Baraka kupanda mpaka Fizi haifiki kilomita 50. Lakini kila mmoja wetu anajua kwamba kwetu barabara haipimwi kwa kilomita. Inapimwa kwa mvua iliyonyesha jana, kwa daraja kama lingali limesimama, na kwa pikipiki kama ina matairi mazuri. Mtu akiuliza "Fizi ni mbali?", tunamjibu: "Unakwenda leo ao juzi?"

Sababu ya safari hii mnaijua. Katika AVEC zetu nyingi, pembeni ya akiba, kuna kisanduku cha kusaidiana. Kikundi kikiwa na mama mjamzito anayeshikwa na uchungu usiku, ao mtoto anayewaka homa, tunatoa pesa za pikipiki papo hapo. Pesa zinapatikana. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu anayeijua njia. Kijana wa pikipiki anayekubali kutoka usiku pengine ni mgeni, amefika juzi kutoka Uvira ao Misisi. Anaijua barabara kubwa, lakini hajui ni njia ipi inayoingia kijijini, wala mto unavukwa wapi daraja likiwa limekatika. Mama anangoja huku kijana anazunguka gizani akitafuta mtu wa kumuuliza, na usiku katika nchi yetu watu hawafungulii mlango mtu yeyote anayebisha.

Kwa hiyo tulikaa tukasema: njia tunayoijua sisi, itoke vichwani mwetu iingie mahali ambapo kijana yeyote anaweza kuisoma. Ndipo tukaanza kujifunza GPS.

Ni kitu gani hiki

Wazungu wanaosafiri nchi nyingi kwa pikipiki hufunga kioo kidogo kwenye usukani. Wakiwa bado nyumbani wanapanga njia yao juu ya kompyuta, wanaipitisha kwa waya mpaka ndani ya kile kioo, kisha wanafuata mstari. Sisi hatuna kile kioo, wala hatukihitaji. Simu ya kupangusa, hata ile ya bei ya chini, ina chombo hicho hicho ndani yake.

Chombo hicho kinasikiliza setilaiti za Wamarekani zinazozunguka juu sana, kilomita karibu 20,200 kutoka ardhini. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na tangu 1995 mpango mzima unafanya kazi, na setilaiti zisizopungua 24. Simu ikisikia setilaiti nne, inajua mahali ilipo. Palipo wazi inakosea kwa mita chache tu. Katika bonde lenye kina, ao chini ya miti mikubwa, inachelewa na inaweza kukosea zaidi.

Jambo lililotufurahisha kuliko yote ni hili: kusikiliza setilaiti hakuli unite wala mega. Simu inasikia tu, haipigi. Hata pale mtandao unapokufa, nanyi mnajua kwamba ukipanda milima unakufa mapema, ile alama ya buluu inaendelea kutembea juu ya ramani. Mega zinahitajika mara moja tu, mjini, kushusha ramani ya sehemu yetu na kuiweka ndani ya simu. Programu kama OsmAnd na Organic Maps zinafanya hivyo bila malipo.

Ramani ya kwetu ilichorwa na nani

Tulipofungua ramani kwa mara ya kwanza, mama mmoja alishangaa kuona nyumba za Baraka zimechorwa moja moja. Akauliza kama ni serikali iliyochora. Hapana. Ramani hiyo inaitwa OpenStreetMap. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na inachorwa na watu wa kujitolea dunia nzima. Mwaka 2014 Madaktari Wasio na Mipaka, Msalaba Mwekundu wa Uingereza na wa Marekani, pamoja na kundi la wachora ramani za misaada, walianzisha kazi iliyoitwa Missing Maps, yaani ramani zinazokosekana. Baraka yetu ilikuwa kati ya miji iliyochorwa katika kazi hiyo. Watu waliokaa mbali sana, wasiojua harufu ya mawese wala ya ndakala, waliangalia picha zilizopigwa kutoka angani, wakafuata paa na barabara kwa mkono.

Tunawashukuru. Lakini mtu anayeangalia paa kutoka angani hawezi kujua jina la kijiji. Haoni kwamba njia ile nyembamba inapitika kwa pikipiki kiangazi tu. Hajui kwamba chini ya mti ule ndipo wamama wanapopumzika na mizigo. Tulipopandisha ramani kuelekea milimani, tuliona vijiji vizima vimeandikwa kama nyumba tupu, bila jina, na njia nyingi hazikuwepo kabisa.

Na si mara ya kwanza wageni kuikosea nchi yetu. Mwaka 1858 Burton na Speke, Waingereza wa kwanza kuliona ziwa Tanganyika, walipita na mitumbwi kwenda Uvira. Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Sisi tunaokaa Baraka tunaiangalia Ubwari ng'ambo ya ghuba kila asubuhi, na mvuvi yeyote angemwambia kwamba ni rasi, imeshikana na nchi kavu upande wa kusini. Leo ghuba yenyewe inaitwa kwa jina la Burton katika ramani. Fundisho ni kwamba ramani ni kama habari ya sokoni: inafaa ikiwa imethibitishwa na mtu wa pale.

Tulipanga njia tukiwa tumekaa kwenye mkeka

Hatukuanzia kwenye simu. Tulianzia kwenye mkeka, na karatasi kubwa, na kalamu. Tuliwaita wamama wanaopanda na kushuka kwa biashara: wauza mawese, wauza chumvi na sabuni, wale wanaoteremsha unga wa mihogo na maharagwe kutoka milimani. Tukawaita pia wakunga wa zamani, na vijana wawili wa pikipiki tunaowaamini.

Kijana mmoja aliuliza mara moja: "Mama, njia mnayoitaka, ni ya mvua ao ya kiangazi?"

Swali hilo lilibadilisha kazi yote. Tulikuwa na njia moja kwenye karatasi, sasa zikawa mbili. Ya kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, ni fupi, inakata mashamba. Ya mvua inazunguka, lakini inakwepa potopoto la mabondeni. Bibi mmoja, mkubwa kuliko sisi sote, alitutajia kivuko ambacho vijana hawakukijua, mahali ambapo mto unapanuka na kuwa na kina kifupi. Wamama wa zamani walivukia hapo wakati ambapo hapakuwa na daraja. Vijana waliandika kimya.

Kwa kila kituo tuliuliza maswali matano tu. Hapa panaitwaje, kwa Kibembe na kwa Kiswahili? Maji yanapita wapi? Mvua ikinyesha saa mbili, pikipiki inapita bado? Nani wa kuaminika anakaa karibu, anayeweza kuamshwa usiku? Na kituo cha afya kilicho karibu ni kipi? Kisha tulikwenda kumuona kiongozi wa kijiji na viongozi wa usalama, tukawaeleza kazi yetu kabla ya kutoka. Kutembea na simu mkononi ukisimama hapa na pale, bila mtu kukujua, ni kujitafutia matatizo.

Barabarani

Tulitoka Baraka alfajiri, pikipiki mbili, wamama wawili na vijana wawili, sote na kofia. Simu moja ilikuwa inarekodi, ya pili imezimwa kama akiba, na betri ya kuchajia ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua. Kurekodi kunakula betri, tusidanganyane. Kioo kikiwaka muda wote, simu haimalizi siku. Tulikizima, tukaacha programu ikirekodi peke yake mfukoni.

Mnaijua hewa ya Baraka asubuhi: unyevu wa ziwa, moshi wa ndakala, sauti ya mitumbwi inayorudi. Hiyo barabara tuliyoishika ndiyo Barabara ya Kitaifa namba 5, inayotoka Bukavu na Uvira, inapita kwetu, inaendelea Fizi, Lulimba na Misisi mpaka Kalemie na kwenda Lubumbashi. Ukiisikia hivyo utadhani ni lami tupu. Sisi tuliweka alama kwenye mashimo.

Katika sehemu za chini, karibu na maji, tuliona ramani inavyoweza kuzeeka. Ziwa limepanda sana katika miaka hii. Mwaka 2021, na tena 2024, maji yaliingia nyumba za watu Baraka na Uvira, na familia nyingi zikahama. Njia ambazo ramani inazionyesha kando ya maji, nyingine zimezama. Pale tulisimama, tukaweka alama: "hapa usipite".

Kisha tukafika mto Mutambala. Kila mtu wa Fizi ana hadithi yake ya mto huu. Tuliweka alama tatu: moja kabla ya daraja, moja juu ya daraja, na ya tatu pale kwenye kivuko cha bibi. Tulishuka kwa miguu mpaka majini kuhakikisha. Kivuko kipo, chini ni mawe, lakini mawe yenyewe yanateleza, na kijana wetu alisema pikipiki itapita ikisukumwa, mama akivushwa kwa kubebwa. Tuliandika hivyo hivyo. Alama isiyosema ukweli wote ni hatari kuliko kukosa alama.

Baada ya hapo barabara inaanza kupanda. Michikichi inapungua, majani yanakuwa mafupi, hewa inakuwa nyepesi. Mtandao ulikatika, lakini mstari wetu uliendelea kujichora. Kwenye mapindo tulisimama kupumzisha injini, tukageuka nyuma. Ziwa lote lilikuwa chini yetu, na Ubwari imelala katikati ya maji kama mamba anayeota jua. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita zaidi ya 600 na kina cha mita karibu 1,470, la pili kwa kina duniani, na sisi tunalifulia nguo kila siku bila kulifikiria.

Vijijini tuliuliza majina. Watoto walikimbia nyuma ya pikipiki, wazee waliuliza tunaandika nini. Tulipoeleza kwamba ni njia ya kuwafikisha wamama hospitalini, mama mmoja aliacha jembe lake, akatusindikiza kwa miguu mpaka njia panda ambayo vijana wengi huipotea usiku. "Waandikieni kwamba kuna mwembe," alisema, "taa ya pikipiki inauona." Tuliandika: mwembe, shika kulia.

Fizi tulifika jua likiwa juu. Hewa ya baridi kidogo, watu wenye salamu ndefu, na sahani ya bukari na sombe iliyotufanya tusahau mgongo. Tulipima muda wa kila kipande cha njia, tukaandika, tukashuka kabla ya jioni. Usiku hatusafiri kwa kazi ya namna hii.

Vitu ambavyo hatukuviandika

Hapa tunaomba msome polepole.

Katika kikao chetu wamama wengine walitaka tuweke alama kwenye kila bariyeri, kwa sababu kila bariyeri ina bei yake, na bei hiyo inatoka kwenye kisanduku chetu. Hoja yao ilikuwa na maana. Lakini tulibishana mpaka tukakubaliana: hapana. Simu ikikamatwa ikiwa na alama za mahali wanapokaa wenye silaha, wawe wa upande wowote, kijana anayeibeba anaweza kuitwa mpelelezi. Hakuna mama atakayefika hospitali kwa njia hiyo. Gharama ya bariyeri tunaihesabu kwenye daftari, hatuiweki kwenye ramani.

Vilevile hatukuweka alama kwenye nyumba ya mtu yeyote. Mama mjamzito anaitwa kwa kituo kilicho karibu naye, siyo kwa mlango wake. Nyumba za dada zetu waliotendewa maovu, mahali pa kuwekea pesa za kikundi, saa ambazo wachuuzi wanapita na bidhaa: hayo yote yanabaki kinywani. Na tukikaribia bariyeri tunaacha kurekodi, simu inaingia mfukoni, tunasalimia kwa heshima, tunapita.

Kuipitisha njia kwa simu ya kijana

Kazi ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngeni kwetu, na tumeiandika hapa ili kila kikundi kiweze kuifanya.

Kuna njia za namna mbili ndani ya simu. Ya kwanza ni ile unayoipanga kwa kugusa vituo vichache kwenye ramani: Baraka, daraja, Fizi. Simu yenyewe inachagua pa kupita katikati. Ya pili ni ile iliyorekodiwa wakati mnatembea, mstari wa nyayo zenu wenyewe, kila pindo na kila mzunguko.

Tulijaribu zote mbili kwenye simu ya kijana mmoja. Tulipompa vituo peke yake, simu yake ilipiga hesabu upya na kumpeleka kwenye njia fupi inayoonekana kwenye ramani. Njia hiyo ni ya mbuzi na ya wamama wa kuni. Simu inapenda ufupi, haijui potopoto. Tulipompa mstari wa nyayo, aliufuata bila shida. Kwa hiyo katika nchi yetu peaneni nyayo, msipeane vituo vitupu.

Hatua zake ni hizi:

1. Kijana ashushe kwanza ramani ya sehemu yetu, mjini, penye mtandao. Bila ramani ataona mstari ukielea juu ya kioo cheupe.

2. Kwenye simu iliyorekodi, fungua safari iliyohifadhiwa, uitoe kama faili ya GPX. Ni faili ndogo sana, ndogo kuliko picha moja.

3. Itume kwa Bluetooth, simu kwa simu, ao kwa kadi ndogo ya kumbukumbu. Hakuna mega zinazotumika.

4. Kwenye simu ya kijana, gusa faili hiyo, chagua kuifungua kwa programu ya ramani. Hakikisha mstari na alama zote zimefika.

5. Ipe faili jina linaloeleweka na tarehe: "Baraka Fizi mvua", ao "Baraka Fizi kiangazi". Majina mawili yanayofanana yatamchanganya mtu usiku.

6. Kijana aitembee mchana, mara moja, kabla ya kuitegemea usiku.

Na karatasi msiitupe. Tuliandika njia yote kwa mkono pia, kituo baada ya kituo, na nakala moja imebandikwa ndani ya kisanduku cha kila kikundi: daraja, mwembe shika kulia, kanisa, kituo cha afya. Simu inaisha chaji, inaanguka majini, inaibiwa. Mama asiyejua kusoma anaweza kuikariri orodha hiyo kama anavyokariri wimbo, na tumeona wengine wameshaanza.

Njia inahitaji kutunzwa

Mstari tuliouchora unasema kweli kwa siku tulizoutembea. Mvua kubwa moja inaweza kuubadilisha. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba katika kikao cha kwanza cha kila mwezi, baada ya kuhesabu akiba, wamama waliosafiri watasema walichokiona: daraja limekatika, ardhi imeporomoka, njia mpya imefunguliwa. Yule anayetunza simu atarekebisha, na faili ya zamani itafutwa kwenye simu za vijana wote, ili mtu asifuate njia iliyokufa. Na kabla ya safari yoyote tunauliza kwanza hali ya usalama kwa watu wa pale, kwa sababu hakuna setilaiti inayojua hilo.

Tunaomba vikundi vya upande wa kaskazini, kuanzia Lusenda na Nundu mpaka Mboko, vianze na mkeka na karatasi kama tulivyofanya sisi. Leteni majina ya vijiji vyenu yaliyoandikwa vizuri, kwa namna wazee wanavyoyatamka, pamoja na vivuko na njia zenu mbili, ya mvua na ya kiangazi. Simu ya chama na kijana wa kuiendesha vitazunguka kikundi baada ya kikundi. Vikundi vya Lubondja na Lulimba vitafuata barabara ikiruhusu.

Kikao kinachokuja, kila mweka hazina alete kisanduku chake, tubandike orodha ya njia ndani ya kifuniko.

Mungu awalinde barabarani. Tukutane juma lijalo.